UKOO UWEMBA: Bibi akae wapi?

Shangazi Upendo, 19:02
Kamwene nyote. Leo tusilale bila jibu. Juni inakuja na baridi yake ya Njombe, na kifua cha Bibi mnakijua. 1) Dar kwa Joti. 2) Mbeya kwa Eliza. 3) Abaki Uwemba, nyumba irekebishwe. Andikeni namba tu.

Shangazi Upendo, 19:41
Watu 31 mmesoma. Tiki za bluu nazionea hapa.

Joti, 19:52
1. Huku joto, kifua kitanyooka chenyewe. Na atanenepa 😂

Eliza, 20:03
Joti, kinachomuua kifua si baridi peke yake, ni moshi. Miaka yote hiyo mafiga matatu, jiko halina dirisha. Moshi wa kuni unaleta kifua sugu, nimonia, hata kiharusi. WHO walikadiria vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 kutokana na moshi wa majumbani. Umhamishie Dar kesho, mapafu anayokwenda nayo ni yaleyale ya Uwemba.

Na kunenepa usikusifie. Waliofuatiliwa kutoka vijiji vya Morogoro kuhamia Dar waliongezeka wastani wa kilo 2 na ushee ndani ya mwaka mmoja. Jembe limeachwa, kutembea kumeisha.

Joti, 20:05
Basi tumpeleke na jembe

Mama Beni, 20:06
😂😂😂

Shangazi Upendo, 20:09
Namba jamani!

Mjomba Festo, 20:30
3. Jiko la matofali lenye bomba. Udongo wa kichuguu debe 3, mchanga debe 1, majani makavu yaliyokatwakatwa. Bomba la bati inchi 4, litoke juu ya kigongo cha paa sentimita 60. Likiishia chini ya kigongo, upepo unarudisha moshi ndani na mtasema fundi mbovu. Linapopita kwenye mbao liwekewe kola ya bati, la sivyo paa linashika moto. Jiko likae wiki 2 likauke kivulini. Nyie mna haraka, mnawasha siku ya tatu, linapasuka. Masizi yatolewe kila mwezi na kuni ziwe kavu.

Eliza, 20:38
Na chumba cha kulala kipate dari. WHO wanataka ndani isishuke chini ya nyuzi 18. Baridi inabana mishipa, presha inapanda. Ila MSIMWEKEE jiko la mkaa chumbani usiku. Ile hewa yake haina harufu, mtu anasinzia haamki.

Joti, 20:44
Mnahangaika bure, wazee wa milimani wanafika 120

Eliza, 20:51
Ecuador kuna bonde la Vilcabamba, mita kama 1,500 tu, lilivuma kwa wazee wa miaka 130. Watafiti wakafungua vitabu vya ubatizo miaka ya 1970. Hakuna aliyefika 100. Mkubwa wao alikuwa na 96.

Joti, 20:52
Kwa hiyo Bibi ana ngapi?

Mama Beni, 20:53
Ubatizo unasema 1939, kitambulisho 1934. Chagueni.

Shangazi Upendo, 20:58
Tusitoke nje ya mada. Namba 3, kila kaya 40,000, kwangu kabla ya Ijumaa.

Mama Beni, 21:20
Kwako tena? Mabati yalinunuliwa 24, juu ya paa yapo 16. Mimi nahesabu tu.

Mjomba Festo, 21:22
Msinitazame mimi. Niliyopewa nimeyapiga yote.

Shangazi Upendo, 21:25
Mama Beni, hayo tuliyamaliza msibani.

Mama Beni, 21:25
Mliyamaliza nyie.

Joti, 21:31
Mimi bado nasema 1, hata miezi miwili ya baridi tu

Baba Mkubwa, 22:47
Babu yenu alitoka hapa mwezi wa sita akitembea kwa miguu yake. Alivyorudi mnajua. Mama haendi Dar.

Mjomba Festo, 22:50
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Joti, 23:14
Shikamoo Baba. Nimeelewa.

Eliza, 23:20
Shikamoo Baba. Niseme hili kwa wote. Aliyekulia huku juu hana kinga ya malaria kama mtu wa Dar au Kyela. Ikimpata uzeeni inakuja kwa nguvu. Anayeshuka, hata kwa harusi ya siku mbili, chandarua chenye dawa usiku wa kwanza, na homa ipimwe siku hiyohiyo. Isiitwe uchovu wa basi.

Shangazi Upendo, 23:26
Sawa. 1 imetoka. Jiko likikauka wiki 2 Bibi atalala wapi? Eliza umchukue?

Shangazi Upendo, 23:58
Eliza?

Mjomba Festo, 06:15
Kamwene. Bomba nimelipata Njombe mjini, muuzaji ananishikia mpaka saa 6 mchana. Nani anatuma hela?

Shangazi Upendo, 06:17
Mama Beni tangulia, tutakurudishia.

Eliza, 07:40
Nilikuwa zamu. Naweza wiki 1, si 2.

Mama Beni, 09:05
Mabati kwanza.