Mjadala: Moduli ya kerneli na mfumo wa mafaili, jina liwe moja?

Mada: Kwenye Linux, moduli (kipande cha kerneli, yaani kiini cha mfumo, kinachopakiwa kikihitajika) iitwayo isofs ndiyo inayoleta iso9660, mfumo wa mafaili wa CD, na freevxfs inaleta vxfs. Je, moduli zipewe majina ya mifumo yake?

Darajani: Zipewe. Anayefunga kompyuta za skuli zisisome CD anaandika sharti la kuzuia moduli, `install iso9660 /bin/false`, ndani ya /etc/modprobe.d, saraka ya masharti ya modprobe (amri inayopakia moduli), anaondoka roho kunjufu. Chomeka CD uone: inafunguka vilevile! Kerneli haiulizi iso9660, inauliza fs-iso9660, na lakabu hiyo (jina la pili la moduli) inampeleka modprobe moja kwa moja kwa isofs. Sharti hilo lilitakiwa liandikwe `install isofs /bin/false`. Fundi angeyajulia wapi hayo?

Chake Chake: Kwa `modinfo -F alias isofs`, amri inayoonyesha lakabu za moduli, sheikh. Hicho kiambishi fs- kimewekwa kwa makusudi, ili mount (amri ya kuunganisha diski) isiite moduli isiyo ya mfumo wa mafaili. Kabla ya kerneli 3.9 ya mwaka 2013, mount iliweza kuita moduli yoyote ile kwa kisingizio cha mfumo wa mafaili. Na hizo zenye mifumo zaidi ya mmoja utaziitaje? Moduli cifs inasajili mifumo miwili, cifs na smb3. ext4 inabeba na ext3, ambayo moduli yake iliondolewa kwenye 4.3.

Tena hebu badilisheni isofs leo iitwe iso9660. Jina la zamani mtaliacha kama lakabu, sawa, na `modprobe isofs` itaendelea kufanya kazi. Lakini kila mashine iliyofungwa kwa `install isofs` itafunguka siku ya kusasisha kerneli, bila onyo hata moja, kwa sababu mount itaenda kwenye jina jipya ambalo halina sharti.

Darajani: Hapo umenibana. Basi za zamani ziachwe, mpya zilazimishwe. Moduli overlay iliingia kwenye kerneli 3.18 na jina moja kote, hakuna aliyeumia.

Wete: Mkiendelea kubishana, pimeni kwa lakabu: `modprobe -n -v fs-iso9660`. Ikitoka `install /bin/false`, pamefungwa. Ikitoka `insmod` na njia ya faili, pako wazi. Anzeni na `modprobe -r isofs`, maana moduli ikiwa imeshapakiwa amri haitoi kitu, na sharti halimtoi aliyekwisha ingia. Mkiikuta isofs ndani ya faili modules.builtin, imejengwa ndani ya kerneli yenyewe, hapo modprobe.d haina la kufanya, iitwe jina lolote.