Hoteli ya familia karibu na stesheni ya SGR Dar: Kariakoo, Kisutu au Posta?

MamaTatu_Dom
Habari za jioni wadau. Tunatoka Dodoma na treni ya SGR, tunafika Dar usiku, tunalala siku mbili halafu boti ya asubuhi kwenda Unguja. Tukirudi tunalala tena Dar, kesho yake treni ya alfajiri. Nina watoto watatu (miaka tisa, sita na miwili) pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Bajeti ni laki na nusu kwa usiku, nikibanwa sana naongeza kidogo. Kwenye ramani Kariakoo, Kisutu na Posta zote naona pua na mdomo na stesheni. Aliyewahi kulala huko na watoto anisaidie kuchagua.

Kipanga wa Gerezani
Kwa bei, Kariakoo haina mpinzani. Hiyo hela unachukua vyumba viwili na chenji ya chipsi inabaki. Kama ungekuwa unafuata mzigo ningekwambia usihangaike kwingine. Ila dada yangu, kwa watoto hapana. Gesti nyingi ziko juu ya maduka, ngazi nyembamba, lifti hakuna, dirisha ukifungua unasalimiana na ukuta wa jirani. Alfajiri mikokoteni imeshaanza na watu wanapiga kelele za kupisha mzigo. Mama mkwe hatakusamehe.

Binti Upanga
Nenda Kisutu. Ukitoka stesheni kwa upande wa mjini unakutana na Mnara wa Saa, ule wa mwaka 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, na kutoka hapo unaingia mitaa ya ndani taratibu: Indira Gandhi, Jamhuri, Libya. Mchana mtu mzima mwenye begi dogo anatembea tu. Nyinyi usiku, na mtoto amelala begani, chukueni teksi ya Bolt hata kama ni karibu. Watano na mabegi hamtoshi gari dogo, kwa hiyo iteni kubwa au mbili.

Hoteli za pale ni za kati, hazina mbwembwe, lakini nyingi zina chumba cha vitanda vitatu, na ukiomba godoro la ziada unaletewa. Chakula ndio raha yenyewe. Jioni kona ya Libya na Morogoro Road kuna kuku wa Mamboz, moshi unauona kabla hujafika. Watoto wasiopenda pilipili wale mishkaki na chipsi.

Usilipe kabla hujapiga simu. Uliza jenereta linaendesha nini umeme ukikatika. Wengine watakwambia "jenereta lipo", kumbe ni la taa na feni, kiyoyozi na lifti vinalala. Kwa joto la Dar na mtoto wa miaka miwili, hilo kwangu ni kubwa kuliko bwawa. Uliza pia chai inaanza saa ngapi. Ikianza saa moja na treni yenu ni ya alfajiri, waambieni mapokezi usiku ule ule wawafungie mayai ya kuchemsha, mkate na ndizi. Hoteli inayoshindwa hilo, achana nayo.

Mzee wa Posta
Binti kaipamba Kisutu, na sisi wa Posta tusikike. Boti za Zanzibar zinaondokea Sokoine Drive, ng'ambo ya Kanisa la Mtakatifu Joseph, kwa hiyo asubuhi ya boti hoteli ya upande wa mtaa wa Samora ni nafuu sana. Harbour View Suites iko pale pale Samora na ina vyumba vyenye jiko, mtoto anachemshiwa uji. Sijui kama bei yake itaingia kwenye laki na nusu, piga simu. Hyatt, ambayo wazee bado tunaiita Kilimanjaro, tuiache kwa bajeti hiyo.

Watoto wana pa kwenda: Bustani ya Mimea wakaangalie tausi, halafu Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert. Ubaya wa Posta ni Jumapili. Ofisi zikifungwa na migahawa mingi inafungwa, unatembea na njaa.

Behewa la Tatu
Kuhusu treni yenyewe. Kwa nauli za LATRA (wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu) za mwaka 2024, mtoto chini ya miaka minne halipi, kuanzia minne hadi kumi na miwili nusu. Treni ya kawaida Dar–Dodoma ni 31,000, basi hao wakubwa wawili ni 15,500 kila mmoja. Nauli ya mtu mzima inabaki mfukoni, iongezee kwenye chumba.

Siku ya kurudi msizoee mambo ya basi. Hakuna kudandia pale. Fikeni saa mbili kabla ya treni kuondoka, mabegi yanapita kwenye mashine, na vitambulisho viwe mkononi. Kwa hiyo usiku wa mwisho ndio ukaribu na stesheni una maana. Usiku wa kwanza hata Upanga mngelala.

Kipanga wa Gerezani
Hapo kwenye kurudi nakubali. Shuka boti, lala Kisutu, asubuhi gari dakika chache.

MamaTatu_Dom
Asanteni sana. Nimepiga simu hoteli mbili za Kisutu. Ya kwanza jenereta ni la taa na feni, kama alivyosema Binti. Ya pili linaendesha hadi lifti, wana chumba cha vitanda vitatu na kingine kidogo mkabala kwa ajili ya mama, jumla laki na sitini. Nimechukua, kwenda na kurudi. Behewa, kile kigari cha kusukumia mtoto naruhusiwa kuingia nacho?

Behewa la Tatu
Kikunje, kipite kwenye mashine na mabegi. Mtoto mbebe mgongoni, foleni inaenda haraka zaidi.