TV ina sauti ila haina picha, nitengeneze au niachane nayo?

mama_wawili: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina tv flati ya inchi 32, ina miaka kama tisa hivi, juzi usiku tunaangalia taarifa ya habari ikakata picha ghafla ila sauti inaendelea kama kawaida, rimoti inakubali, ukibadilisha chaneli unasikia kabisa imebadilika ila kioo cheusi tii. Fundi kaja, hata hajaifungua, kasema kioo kimekufa ninunue nyingine. Roho inaniuma jamani, hii alininunulia marehemu mama nilipoanza maisha. Ni kweli haiponi au nahangaika bure?

bodi_na_waya: Pole sana dada. Usiitupe kwanza. Usiku zima taa zote, washa tv, halafu chukua tochi ya simu uisogeze karibu na kioo ukimulika kwa ubavu. Ukiona picha kwa mbali kama kivuli basi kioo ni kizima, kilichokufa ni taa za nyuma. Zile ni ledi ndogondogo zimepangwa kwenye vipande virefu na mara nyingi zimeungwa kwa mfuatano, ikiungua moja tu njia ya umeme inakatika na zote zinazimika. Hiyo inatengenezeka kabisa. Ila mwambie fundi abadilishe seti nzima, akiweka ledi moja zilizobaki zimechoka umri uleule, utamrudia tu. Na awe mtu mwenye mkono mtulivu maana kuzifikia lazima kioo kitolewe na ni chembamba mno.

mzee_wa_chogo: Naongezea, usipoona kitu na tochi usikate tamaa, afungue aangalie na bodi ya umeme, kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme kwenye bodi) zikivimba kichwani ujue zimekufa, na zinaonekana kwa macho. Ila kioo chenyewe kikiwa kimepasuka hapo achana nayo, hicho ndo kifaa ghali kuliko vyote ndani ya tv. Mimi gharama ikifika nusu ya bei ya mpya naacha. Na wenye tv za chogo msifungue wenyewe nawaomba sana, ile chupa ya kioo inafanya kazi na volti zaidi ya 20,000 na umeme unaweza kubaki humo hata ukishachomoa waya ukutani.

mama_wawili: Nimejaribu sasa hivi na wanangu!! Mdogo kashika tochi, mimi nimeinama, tumemuona mtangazaji, hafifu kabisa lakini tai yake inaonekana. Kesho naipeleka kwa fundi mwingine.

bodi_na_waya: Safi sana! Ikirudi punguza mwangaza kwenye seting, ikiachwa juu kabisa muda wote ledi zinapata joto na kuungua mapema. Na mwambie fundi akuwashie mbele yako walau nusu saa kabla hujaibeba.