Baiskeli ya velodromu kuuzwa kwa jina la "fiksi ya mtaani": huu ni wizi

Wakuu,

Nimechoshwa na hizi fiksi za kiwandani zinazouzwa Uingereza kwa pauni 1,000 kwenda juu, zimebandikwa jina la "mtaani" kwenye fremu. Hazina umtaani wowote. Ni baiskeli za mbio za velodromu, yaani uwanja maalumu wa mbio za baiskeli, zilizopakwa rangi ya kuvutia, halafu mnunuzi anaachiwa ahangaike mwenyewe na breki, giya na tairi.

Kwa wasiozijua, fiksi si sawa na Phoenix ya nyumbani. Phoenix ina giya moja lakini ina frewili, ukiacha kukanyaga pedali zinatulia na baiskeli inaenda. Kwenye fiksi spoketi ya nyuma (lile duara la meno linalovutwa na cheni) imekazwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka na miguu yako inazunguka nazo, utake usitake. Ndiyo maana uzembe mdogo wa kiwanda, ambao kwenye baiskeli nyingine ungevumilika, hapa unamlaza mtu kwenye lami.

Breki ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 ziko wazi: baiskeli isiyo na frewili ikiingia barabarani lazima iwe na breki kwenye gurudumu la mbele. Japani wanataka mbele na nyuma, na mwendo ukiwa kilomita 10 kwa saa uweze kusimama ndani ya mita 3. Sasa chungulia foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya hizo za bei mbaya: kaboni, nyembamba, haina hata tundu la kufungia breki. Muuzaji anakwambia utasimama kwa miguu. Ukizuia pedali, uzito mwingi unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuburuzika. Kwa nyuma peke yake unakula umbali karibu mara mbili ya breki nzuri ya mbele. Mtoto akichomoka katikati ya magari yaliyoegeshwa, umbali huo huna.

Na hata zile zilizotobolewa, angalia ringi. Nyingi zimepakwa rangi mpaka ubavuni, hakuna ule ukanda wa alumini uliokwanguliwa ili raba za breki zishike. Mvua ikinyesha raba zinateleza juu ya rangi, na rangi yenyewe inaanza kutoka kwa vipande. Baiskeli ya pauni elfu, ringi ya mapambo!

Giya nayo. Unakuta 49 kwa 15, yaani meno 49 mbele kwenye pedali na 15 nyuma. Kwa tairi la mzunguko wa mita 2.1, kila mzunguko wa pedali unakupeleka karibu mita 6.9. Velodromu safi sana, kule hakuna taa nyekundu. Mjini unatembea kilomita 20 kwa saa, maana yake miguu inazunguka kama mara 49 tu kwa dakika, unasukuma kwa goti kila unapoondoka kwenye taa, na ukitaka kupunguza mwendo unashindana na giya nzito kuliko nguvu zako. 46 kwa 17 inatoa karibu mita 5.7, na hapo ndipo baiskeli ya mjini inapoanza.

Nyingine zinakuja na 48 kwa 16, na hapa ndipo unaona aliyeipanga hajawahi kuipanda barabarani. 48 gawanya kwa 16 ni 3 kamili. Yaani kila pedali ikimaliza mzunguko mmoja, gurudumu limezunguka mara tatu juu ya alama. Kwa hiyo anayeskidi, yaani anayefunga pedali na kuburuza gurudumu la nyuma, kwa mguu uleule anasugua sehemu ileile ya tairi siku zote. Inama uitazame tairi hiyo baada ya muda: pande zote bado ina mistari yake, lakini kuna doa moja kama la ukubwa wa kidole gumba lililokuwa bapa na kung'aa, kisha nyuzi za kitambaa zinachungulia, kisha mlipuko. Weka spoketi ya meno 17 nyuma, madoa yanakuwa 17 na tairi inalika sawasawa. Jino moja tu! Mara nyingi hata cheni hubadilishi, gurudumu linasogea mbele kama milimita 3 basi. Kiwanda kilishindwa nini?

Lokiringi sasa, ile pete inayoizuia spoketi isifunguke. Spoketi inakazwa kwa thredi ya kulia, lokiringi juu yake kwa thredi ya kushoto, ili ukizuia pedali na spoketi ikataka kufunguka, lokiringi izidi kukaza. Zikitoka kiwandani nyingi zimekazwa kwa mkono wa haraka na bila grisi. Spoketi inacheza kidogo, inatafuna thredi za habu ya alumini, siku moja unazuia pedali na miguu inarudi nyuma bure. Habu imekufa. Kabla ya safari ya kwanza fungua yote, safisha, paka grisi, kaza spoketi kwa spana ya cheni, kaza lokiringi, panda kilima kimoja, kisha rudi uikaze lokiringi tena. Hiyo mara ya pili ndiyo watu wanairuka.

Dukani kaa juu ya baiskeli, weka pedali ya kulia mbele, geuza hendo kushoto. Tairi ikigusa kidole cha kiatu, iache hapohapo, kwa sababu kwenye fiksi huwezi kusimamisha mguu ukisubiri kona iishe. Uliza pia kama tairi ya milimita 28 inapita. Nyingi zinaishia 25, na kwa lami yenye viraka hiyo ni kuadhibu ringi na mgongo.

Mdau: Mkuu, umesema kweli. Ila sisi ambao tumeshanunua tufanyeje? Fundi wangu anasema ataitoboa foku.

Mwenye uzi: Ndugu yangu, mnyang'anye hiyo drili. Foku ya kaboni isiyo na tundu haikujengwa kubeba nguvu hapo, inaweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana. Nunua foku nyingine iliyotobolewa na kiwanda, ya chuma inatosha kabisa. Pima unene wa shingo yake, lile bomba linaloingia kwenye fremu, nyingi ni milimita 28.6, kisha pima kutoka kwenye ekseli hadi juu ya taji, pale miguu miwili ya foku inapokutana, na usitofautiane na ya zamani kwa zaidi ya milimita chache, la sivyo usukani utabadilika tabia. Ukishaifunga, pima kutoka tunduni hadi katikati ya ukanda wa breki: ikiwa kati ya milimita 39 na 49 chukua breki fupi, ikizidi hapo chukua ile ya 47 hadi 57. Na kama ringi ya mbele ni ya rangi ubavuni, badilisha gurudumu kabla ya kununua breki.