Majina matatu katika hatimiliki moja: nani anamiliki nini?

Mnunuzi wa Mtwapa
Assalam aleikum. Mimi, mke wangu na dada yangu mkubwa tunanunua ploti Mtwapa, kaunti ya Kilifi. Dada ametoa asilimia 60 ya bei, nasi wawili tumetoa 40 iliyobaki. Fomu ya uhamisho tuliyoletewa tutie sahihi ina majina yetu matatu tu, moja chini ya jingine, bila neno lolote kuhusu hisa. Dalali asema haina neno, maadamu sisi ni jamaa. Je, kisheria kila mmoja atamiliki nini, na mmoja wetu akifariki sehemu yake itakwenda kwa nani?

Wakili wa Pwani
Waaleikum salaam. Msitie sahihi bado. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema kwamba hati ya uhamisho isipoeleza aina ya umiliki, wenye majina huchukuliwa kuwa wamiliki kwa hisa, tena hisa zilizo sawa. Maana yake ni kuwa dada yako, aliyetoa zaidi ya nusu ya pesa, ataonekana katika sajili kuwa na thuluthi moja, na ninyi wawili mtakuwa na thuluthi mbili.

Aina ya pili ni umiliki wa pamoja, ambamo hakuna mwenye fungu lake peke yake, na mmoja akifa jina lake hufutwa na ardhi yote hubaki kwa aliye hai. Tangu sheria hiyo ianze kutumika, umiliki wa namna hii hupatikana kati ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama itoe idhini. Kwa hiyo hata mkiandika kwamba ninyi watatu mnamiliki kwa pamoja, bila idhini hiyo sheria itawahesabu kuwa wamiliki kwa hisa. Andikeni waziwazi: dada 60, wewe 20, mkeo 20, au vyovyote mtakavyokubaliana.

Bi Msimamizi
Naongeza upande wa mirathi, kwa sababu hapo ndipo jamaa hugombana. Hisa ya marehemu huingia katika mali yake ya urithi. Kwa Waislamu, Kadhi ataigawa kwa mafungu ya Kiislamu: wewe ukitangulia na kuacha watoto, mkeo atapata thumuni ya ile hisa yako, na kinachobaki kitawaendea warithi wengine. Wanandoa waliosajiliwa kwa pamoja hawafiki huko kwa mali hiyo, kwani aliyebaki huichukua yote. Wapo wanaoupenda utaratibu huo, na wapo wazazi wa marehemu wanaoulalamikia sana.

Mnunuzi wa Mtwapa
Shukrani nyingi. Swali la mwisho: dada akitaka kuuza hisa yake kwa mgeni, tunaweza kumzuia?

Wakili wa Pwani
Akimuuzia mmoja wenu, hahitaji ruhusa. Kwa mtu wa nje anahitaji idhini yenu ya maandishi, ila hamruhusiwi kumnyima bila sababu ya maana. Kutompenda mnunuzi, kwa maoni yangu, si sababu ya maana. Kama mnataka kupewa nafasi ya kwanza ya kuinunua hisa hiyo, wekeni makubaliano ya maandishi baina yenu kabla ya kusajili, pamoja na namna ya kuthamini bei yake.