Spotmatic na Super-Takumar 55mm: kuvu kwenye lenzi, mita iliyokufa, na kuosha mkanda kwenye joto la Tanga

TangaF18

Habari zenu wadau. Nina Pentax Spotmatic SP, lenzi ya Super-Takumar 55mm f/1.8 na Helios 44-2 58mm f/2. Vyote vimekaa miaka mingi kabatini ndani ya mifuko yake ya ngozi. Hali ilivyo sasa:

Takumar ina nyuzinyuzi nyeupe pembezoni mwa kioo, nyuma kidogo ya kile cha mbele, na ukitazama karatasi nyeupe kupitia lenzi inaonekana ya njano. Helios vioo ni visafi ila vibamba vya tundu la mwanga (lile linalopanuka na kupungua) vina mafuta. Kamera inapiga, lakini mshale wa mita ya mwanga hausogei, na sponji iliyo juu ya kioo cha ndani inapukutika.

Nataka kutumia kamera kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, HP5, na kuosha mwenyewe nyumbani. Lenzi nataka pia kuzifunga kwenye Canon EOS ya kioo cha ndani, yaani DSLR (sensa ndogo) na Sony a6000. Maji ya bomba huku yana nyuzi 28 hadi 30. Nianzie wapi, na kipi nisiguse kabisa?

---

KiooSafi

Mkuu, anza kwa kuitoa Takumar kwenye huo mfuko wa ngozi leo hii na usiirudishe tena. Ngozi hunyonya unyevu wa pwani na kuushikilia, halafu yenyewe ni chakula cha kuvu. Lenzi nyingi zinazoharibikia Mombasa, Tanga na Unguja zinaharibikia ndani ya mfuko wake mzuri.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha ni kuvu kweli. Fungua tundu hadi f/1.8, washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi, uielekeze kwa mshazari, kisha tazama kwa mbele. Kuvu huonekana kama mizizi au utando wenye matawi. Utando wa maziwa uliosambaa sawasawa ni mvuke wa mafuta ya kulainishia, huo unafutika kirahisi. Ukiona rangi za upinde wa mvua au mapovu bapa pembeni, hapo gundi inayounganisha vioo viwili imeachia, na hilo si jambo la kurekebisha nyumbani. Vumbi liache. Punje kumi za vumbi hazionekani kwenye picha yoyote.

Kwenye Takumar hii pete ya mbele yenye maandishi haina matundu ya spana. Inafunguliwa kwa msuguano: chukua kizibo cha mpira chenye kipenyo kinacholingana na pete, bonyeza, zungusha kinyume na saa. Chini yake kuna skrubu tatu ndogo zinazoshika pete ya filta ya 49mm. Tumia bisibisi inayokaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu, maana ikichubuka kichwa kazi imeisha. Ukitoa pete hiyo, fungu la vioo vya mbele linazunguka na kutoka zima. Piga picha kila hatua kwa simu. Uzi mkubwa wa fokasi usiufungue: una sehemu kadhaa za kuanzia, na ukirudisha kwenye sehemu isiyo yake lenzi haitafokasi tena vitu vya mbali kabisa.

Dawa ya kuvu ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Lowesha kitambaa cha kufutia lenzi, kilaze juu ya kioo dakika 2 au 3, futa kutoka katikati kwenda nje, kisha malizia na spiriti ya isopropili. Ikigoma, changanya peroksaidi na amonia ya nyumbani nusu kwa nusu, dirisha likiwa wazi, na mchanganyiko ukibaki mwaga, usiufungie kwenye chupa. Amonia isikutane na Jik hata kidogo, inatoa gesi ya sumu. Kama baada ya kusafisha bado unaona alama za mizizi, asidi ya kuvu imeshakula rangi ya kinga juu ya kioo. Alama hizo hazitoki. Zitapunguza ukali wa picha ukipiga kuelekea jua, vinginevyo lenzi bado ni nzuri.

Njano ni suala jingine kabisa. Matoleo ya baadaye ya 55mm f/1.8 yana kioo chenye thoriamu, madini ya mnururisho, na kioo hicho hubadilika rangi kwa miaka. Dawa yake ni mwanga wa urujuanimno. Laza lenzi juu ya karatasi ya alumini, upande wa nyuma ukitazama juu, dirishani penye jua la asubuhi, siku kadhaa hadi wiki mbili. Iwe juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na karatasi, kwa sababu lenzi inakusanya jua na inaweza kuwasha moto. Jua la saa saba mchana liepuke, joto linayeyusha grisi na kuipeleka kwenye vibamba. Mnururisho wenyewe ni mdogo kwa anayepiga picha. Usikikwaruze kioo hicho wala kulala na lenzi kitandani.

Helios iache ilivyo. Tundu la 44-2 unalifunga mwenyewe kwa kuzungusha pete, hakuna springi, hivyo mafuta kwenye vibamba vyake 8 hayachelewishi kitu. Kwenye Takumar ni tofauti: springi ndiyo inayofunga vibamba wakati wa kupiga, vikinata unapata picha iliyozidi mwanga.

---

ShataYaKitambaa

Upande wa kamera. Uzuri wa Spotmatic ni kwamba shata yake (mapazia mawili yanayopitisha mwanga kwenye mkanda) ni ya mashine tupu, betri ni ya mita peke yake. Kwa hiyo mita hata ikifa moja kwa moja, bado una kamera kamili.

Pima shata kwanza. Fungua mgongo, elekeza angani, piga kasi zote. Kwenye 1/1000 tazama kama mwanga unaonekana pande zote za dirisha. Upande mmoja ukiwa mweusi, pazia la pili linalikuta la kwanza na nusu ya picha itakosa mwanga. Kwa kasi za chini tumia video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde: 1/30 ionekane kama fremu 8, na sekunde 1 kama 240. Zikichelewa ni mafuta yaliyokauka. Mara nyingi kuipiga mara hamsini hivi bila mkanda kunailegeza. Usipulizie WD-40 ndani. Inasambaa hadi kwenye pazia na vibamba, na kuitoa ni kuvunja kamera nzima.

Pazia ni kitambaa chenye mpira. Ingia chumba cheusi, weka tochi mbele pasipo lenzi, inua kioo kwa ncha ya kidole ukikishika pembeni, tazama kwa nyuma. Tundu la pini litaonekana kama nyota. Hilo ndilo linaloleta madoa meupe kwenye picha za juani.

Sponji ya kioo: itoe kwa kijiti cha meno cha mbao kilicholoweshwa spiriti, kamera ikiwa imeinamishwa ili uchafu udondoke nje. Funika skrini ya fokasi kwa kipande cha karatasi, ni plastiki na dawa kali huiyeyusha. Kioo chenyewe usikifute, rangi yake ya fedha iko juu na inakwaruzika kwa kitambaa tu. Bandika sponji nyeusi ya milimita 3. Kwenye mifereji ya mlango wa nyuma uzi mweusi wa sufi unatosha, hata gundi hauhitaji.

Mita sasa. Betri ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na haitengenezwi tena. Bahati nzuri saketi ya SP ni ya daraja, haijali sana volti, hivyo SR936 (namba 394) inatoa kipimo sahihi. Ni nyembamba kwa kipenyo kuliko ya asili, izungushie pete ya mpira isitembee. Kabla ya hapo kagua kifuniko cha betri na waya wake: kutu ya kijani au nyeupe ndiyo inayoua mita nyingi za Spotmatic. Safisha kwa siki kwenye kijiti cha pamba, kausha kwa spiriti. Kama waya umeliwa, fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuuunganisha upya.

Hadi itengemae, tumia kanuni ya jua: HP5 kwa ISO 400, jua kali, 1/500 na f/16. Mtu kivulini penye mwanga wa wazi, f/5.6. Mita ikipona, usiielekeze kwenye ukuta wa chokaa au kanzu nyeupe halafu ukatarajia uso utoke. Inaona weupe, inapunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Sogea karibu, pima uso wenyewe, kisha rudi nyuma upige. HP5 inavumilia kuzidishiwa stopu moja, yaani mwanga mara mbili, bila shida. Kupunjwa stopu moja ndiko kunakoua vivuli.

---

Nuru_Mwanza

Nakubaliana na KiooSafi karibu kote, ila njia ya amonia nisingempa anayeanza. Peroksaidi peke yake, mara mbili ikibidi, inatosha kwa kuvu la pembeni. Na wanaohifadhi lenzi kwenye ndoo ya mchele waache: mchele hutoa unga, na unga ni chakula kingine cha kuvu. Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, weka silika jeli gramu 200 kwa kontena la lita 10, na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Punje zikibadilika rangi, zirudishe kwenye ovena nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu.

---

TangaF18

Asanteni sana wakuu. Nimekagua waya wa betri, una kijani. Swali la adapta ya kufungia lenzi kwenye Canon na Sony: muuzaji mmoja anasema adapta ya "42mm" yoyote itaingia. Ni kweli?

---

KiooSafi

Si kweli, na hapo watu wanaharibu lenzi. M42, uzi wa lenzi zako, ni kipenyo cha milimita 42 na hatua ya uzi ya milimita 1. Kuna uzi mwingine, T2, nao ni milimita 42 lakini hatua yake ni 0.75. Inaanza kuingia mzunguko mmoja kisha inakaza. Ukilazimisha uzi umekwenda. Iandikwe M42 waziwazi.

Lenzi za M42 zimepangwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye mkanda. Canon EOS ni 44, kwa hiyo adapta nyembamba ya 1.46 inakuwezesha kufokasi hadi mbali kabisa. Sony E ni 18, adapta yake ni ndefu na haina kioo ndani. Nikon za kioo ni 46.5, tayari zimepitiliza, ndiyo maana adapta zake huwekwa kilenzi cha kusahihisha ambacho kinaharibu picha.

Kwenye Takumar sukuma swichi iende Manual, la sivyo tundu litabaki wazi f/1.8 kwa sababu hakuna kinachobonyeza pini. Kwenye Sony washa ruhusa ya kupiga bila lenzi, washa na rangi za kuonyesha fokasi, kisha kuza picha uhakikishe, maana rangi hizo hudanganya kwenye f/1.8. Kwenye Canon usiamini kioo cha kutazamia: skrini za kisasa hazionyeshi ukungu wa tundu pana zaidi ya f/2.8 hivi. Tumia Live View (picha kwenye skrini ya nyuma), kuza mara 10. Kwa f/1.8 umbali wa mita 1, kilicho kwenye fokasi ni sentimeta 3 au 4 tu kwenye fremu nzima, na kwenye sensa ndogo ni pungufu ya hapo. Funga jicho la karibu. Mtaani na Spotmatic, weka f/16, fokasi mita 6 na nusu, na kila kitu kutoka mita 3 na kidogo hadi mbali kitasomeka.

---

ShataYaKitambaa

Kuhusu kuosha: nyuzi 28 ni nyingi kwa nyeusi na nyeupe. Muda unakuwa mfupi mno, na muda ukishuka chini ya dakika 5 mkanda huwa na michirizi kwa sababu dawa haijasambaa sawasawa. Tumia dawa ya kuoshea ID-11 iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa (1+1). HP5 inachukua dakika 13 kwa nyuzi 20, na takriban 9 kwa nyuzi 24. Nyuzi 24 ndiyo shabaha inayofikika Tanga: beseni la maji, chupa mbili za plastiki zilizogandishwa ndani yake, na chupa zote za dawa zisimame humo nusu saa. Barafu usiitie ndani ya dawa. Dawa, fiksa (dawa ya kukaza picha) na maji ya kuoshea vyote viwe ndani ya tofauti ya nyuzi 2, kwa sababu ukitoka 24 ukaingia kwenye maji ya bomba ya 30, jelatini inaweza kukunjamana na hairudi.

Fiksa ipime: tumbukiza kipande cha mkanda uliokata mwanzoni, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, zidisha mara mbili. Kwa kuosha mwisho hauhitaji maji yanayotiririka. Jaza tangi, geuza mara 5, mwaga. Jaza, mara 10, mwaga. Jaza, mara 20, mwaga. Maji ya mwisho yawe maji ya betri (yasiyo na chumvi) yenye tone la sabuni ya vyombo, la sivyo chumvi ya bomba itaacha madoa.

Ukitaka rangi, joto la huko linageuka msaada. C-41 inaoshwa kwa nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza, na kupasha maji kutoka 29 hadi 38 ni rahisi kuliko kuyashusha hadi 20.

Mikanda yako ikae kwenye friji, na ukiitoa isubiri saa moja au mbili ndani ya kopo lake lililofungwa kabla hujaifungua. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa pwani unageuka maji juu ya mkanda hapo hapo.