Oili ya sintetiki au ya kawaida kwa 1NZ-FE yenye kilomita 190,000?

Gia_ya_Tano

Wakuu, habari zenu. Gari ni Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, ujazo wa sisi (cc) 1,500, haina turbo, odometa inasoma kilomita 190,000. Hadi sasa linawekewa oili ya kawaida ya 20W-50, na inamwagwa kila kilomita 3,000. Kitabu cha gari kinasema 5W-30. Fundi mmoja anasema nikiweka sintetiki injini itaanza kuvuja, mwingine anasema bila sintetiki haitadumu. Halitoi moshi, na kati ya sevisi na sevisi oili inapungua kidogo sana, haifiki hata robo lita.

Je, kuhamia sintetiki kuna faida yoyote kwa injini ya umri huu? Na nikihama, nimwage baada ya kilomita ngapi?

Spana_14

Mkuu, hapo kuna mambo mawili yamechanganywa, na mafundi wako wote wawili wanabishania lile dogo. Kuna uzito wa oili, yaani wepesi au unene wake inapotiririka (mnato), na kuna aina ya oili. Namba za 5W-30 zinaeleza uzito tu. Oili ya kawaida ya 5W-30 ipo, na sintetiki ya 20W-50 ipo pia. Kwa gari lako, kosa la kurekebisha kwanza ni hiyo 20W-50.

Namba ya pili inapimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Oili ya 30 inatakiwa iwe na mnato wa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti hiyo si ndogo. Namba yenye W inahusu injini ikiwa baridi: kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyowahi kufika juu kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) asubuhi unapowasha. Injini yako ina VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, na VVT-i inasukumwa na oili yenyewe. Oili inapita kwenye valvu yenye chujio dogo la waya, kisha inaingia kwenye matundu membamba ya gia ya kamshafti. Ukiipa oili nzito, kamshafti inachelewa kugeuka kufika inapoamriwa na kompyuta. Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikasoma kodi ya hitilafu P0011 au P0012, kabla hujanunua valvu mpya kagua uzito na usafi wa oili, kisha lifungue lile chujio uone kama limezibwa na tope.

Sasa aina. Oili ya kawaida husafishwa kutoka mafuta ghafi, na ndani yake hubaki molekuli za ukubwa tofauti: nyepesi huvukiza mapema, zenye nta huganda kwenye baridi, na zisizo imara huungana na oksijeni zikawa tope. Sintetiki imetengenezwa ili molekuli zake zifanane zaidi, kwa hiyo inastahimili joto na haipotezi mnato haraka. Ila jina la sintetiki kwenye kidumu lisikubabaishe. Sintetiki nyingi za madukani ni za Kundi la Tatu katika makundi ya oili za msingi, yaani nazo zinatokana na mafuta ghafi, isipokuwa zimepitishwa kwenye hidrojeni kwa shinikizo kubwa hadi zikabadilika umbo. Marekani zimekubalika kuuzwa kwa jina hilo tangu 1999. Zenye PAO (oili iliyoundwa kiwandani kwa kemikali), ambazo ni Kundi la Nne, ni ghali zaidi.

Kwa hiyo geuza kidumu usome nyuma. Tafuta 5W-30, kisha API SN au API SP (API ni taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya ubora wa oili). SP ilianza 2020 na inafaa pale panapotakiwa SN, SM au SL. Oili ya kawaida yenye maandishi hayo ni salama kwa injini yako ukiimwaga kila kilomita 5,000. Sintetiki inakuwa ya lazima kwenye injini yenye turbo, kwenye baridi kali, na pale mtengenezaji anapotaka 0W-20 au 0W-16, uzito ambao oili ya kawaida haiufikii. Turbo hasa haina mjadala: shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na nyumba yake inachomwa na moshi wa ekzosi. Ukizima injini ghafla, oili iliyobaki kwenye beringi inapikwa pale pale, na ya kawaida inaacha masizi magumu yanayoziba njia. Lako halina turbo. Ukiweka sintetiki utapata akiba ya usalama, na unaweza kufika kilomita 10,000 bila wasiwasi.

Beringi_Kuu

Nakubaliana na Spana_14 kwa yote isipokuwa hizo kilomita 10,000. Mkuu hajasema anaendeshea wapi, na hilo ndilo linaloamua.

Oili inachoka kwa saa za injini, odometa haioni saa hizo. Gari linalokaa kwenye foleni kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, likifika kilomita 5,000 injini imefanya kazi saa 250. Linalosafiri barabara kuu kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, likifika 10,000 limefanya saa 125. La pili limetembea mara mbili, lakini oili yake imefanya kazi nusu ya ile ya kwanza.

Tena kuna safari fupi. Injini ikizimwa kabla oili haijapata moto vizuri, maji yanayotokana na mwako na petroli isiyoungua vinashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) na kubaki humo. Sintetiki haina dawa ya petroli. Ikichanganyika nayo inakuwa nyepesi kama oili nyingine yoyote. Funua kifuniko cha kujazia oili: ukikuta povu la rangi ya maziwa chini yake na maji ya rejeta hayapungui, ni mvuke wa safari fupi. Rejeta ikiwa inapungua, hapo fikiria gasketi ya silinda hedi. Kwa mizunguko ya mjini weka sintetiki ukitaka, lakini mwaga kwenye 5,000 hadi 7,000 au miezi sita, kitakachotangulia.

Kuhusu kuvuja: sintetiki za sasa hazili mpira wa sili. Kinachotokea ni kwamba sili ya krankshafti iliyokwisha kukakamaa ilikuwa inazibwa na uchafu. Oili yenye sabuni nzuri ikiuondoa ule uchafu, na oili ikiwa nyepesi kuliko ile 20W-50, ufa uliokuwepo siku zote unaonekana. Ukiona unyevu, badilisha sili. Usirudi kwenye oili nzito ili kuuficha.

Gia_ya_Tano

Asanteni sana wakuu. Matumizi ni ya mjini kwa sehemu kubwa. Nimeamua kwenda sintetiki 5W-30 na kumwaga kila 5,000. Je, ni lazima nioshe injini kwanza kwa dawa ya kusafishia? Na oili ya zamani ikibaki kidogo ndani, itagombana na mpya?

Spana_14

Haitagombana. Oili zenye viwango vya API zinatakiwa kuchanganyika bila kuganda wala kutengana. Kikombe kimoja cha oili ya zamani kilichobaki kwenye njia zake hakina madhara, na safarini ikipungua unaweza kuongeza ya kawaida juu ya sintetiki. Utapoteza sehemu ya ubora tu.

Dawa ya kuosha usiweke. Kwenye injini ambayo haijulikani ina tope kiasi gani, dawa inabandua mabonge kwa mpigo mmoja, yanashuka hadi kwenye wavu wa pampu na kuuziba. Taa ya oili itawaka na beringi zitakatika. Acha oili mpya isafishe polepole. Ile ya kwanza imwage mapema, kwenye kilomita 2,000, pamoja na filta. Ikitoka nyeusi, ujue imefanya kazi yake.

Utaratibu wenyewe: washa injini dakika tano, zima, gari liwe sehemu tambarare. Fungua boliti ya sampu kwa spana namba 14 na uache oili idondoke angalau dakika kumi. Weka washa (pete ya boliti) mpya. Kaza kwa Nm (newtoni-mita) 37.5 kwa spana ya kupimia nguvu, kwa sababu sampu zimeharibiwa nyuzi na watu wanaoning'inia kwenye spana. Ukitoa filta, pitisha kidole pale ilipokaa uhakikishe mpira wa zamani haukubaki umenata. Mipira miwili ikipandana, oili yote itamwagika barabarani. Paka oili mpira mpya, zungusha filta kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko.

Injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina 3.5, washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki, halafu jazia taratibu. Usipite alama ya juu: krankshafti ikiichapa oili inatoka povu, na pampu ikivuta povu haipati shinikizo.

Filta_Safi

Nyongeza fupi kuhusu oili bandia, maana inaua injini kuliko mjadala wote huu. Kagua pete ya kifuniko iwe haijakatwa, karatasi ya alumini iwe imebandikwa sawasawa, na namba ya uzalishaji kwenye kidumu iwe imechapwa, isifutike kwa kidole. Vidumu vyako vitupu vitoboe kabla ya kuvitupa; matapeli wanavijaza upya.

Na kwenye filta usibane matumizi. Yenye valvu ya mpira wa silikoni inazuia oili isirudi yote kwenye sampu usiku. Ukisikia injini inagonga kwa sekunde mbili tatu kila asubuhi kisha inatulia, anza kwa kubadilisha filta.

Beringi_Kuu

Mkuu Gia_ya_Tano, jambo moja zaidi. Baada ya kuhama kutoka 20W-50, pima dipstiki kila kilomita 500 hadi ile sevisi ya 2,000. Oili nyepesi hupenya kwenye ringi za pistoni zilizochoka. Ikipungua zaidi ya nusu lita katika kilomita 1,000, hamia 5W-40 na ukague valvu ya PCV (inayotoa mvuke ndani ya injini) kabla hujakubali maneno ya kufungua injini. Valvu hiyo ikiziba, mvuke wa sampu unakosa pa kutokea, na oili inasukumwa kupitia sili na ringi.